Yesu alikuwa anaongea na nani Gethsemane?

Jumamosi moja tulikuwa chini ya mwembe nyuma ya kanisa, maana darasa letu lilikuwa limejazwa viti vya harusi, nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, kama thelathini hivi, wengi wao darasa la tatu na la nne. Kesho yake ilikuwa Sherehe ya Utatu Mtakatifu, ile Dominika inayokuja baada ya Pentekoste, kwa hiyo nikasema leo tuongelee Utatu. Nikawapa mfano niliopewa na mimi nikiwa na umri wao, kwamba Mungu ni kama maji, ukiyaweka kwenye friza yanakuwa barafu, ukiyabandika jikoni yanakuwa mvuke, ukiyaacha kwenye ndoo yanabaki maji, kitu ni kilekile kimoja ila kinaonekana kwa namna tatu. Wakaitikia ndiyo mwalimu, nikaona somo limeingia.

Alafu mtoto mmoja wa kike aliyekaa nyuma, ana miaka tisa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa Yesu alivyokuwa anasali kule bustanini, alikuwa anaongea peke yake?"

Nilinyamaza. Wenzake wakanigeukia wote, na mi najua kabisa kwamba huyu mtoto ameona kitu ambacho mimi sijakiona miaka yote hiyo nautumia ule mfano. Nikamwambia ukweli, kwamba swali lake ni kubwa, nipe mpaka Jumamosi ijayo nikujibu vizuri. Tukasali sala ya Atukuzwe Baba, wakaondoka. Wiki ile nilirudi kwenye Biblia na kwenye historia ya Kanisa kama mtu aliyepoteza funguo, nageuza kila kitu, na haya ninayoandika hapa ndo niliyoyapata wiki ile pamoja na mengine yaliyoongezeka baadaye.

Kwanza huyu mtoto alikuwa sahihi. Barafu haiongei na mvuke, ukiwa na barafu ndo hamna mvuke, maji yale yale yamebadilika tu. Kama Baba, Mwana na Roho ni sura tatu anazovaa mmoja kwa zamu, basi Gethsemane pale hamna sala, kuna mtu anajisemesha usiku na jasho linamtoka. Na kuna watu walifundisha hivyo zamani kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 3 alikuwepo mtu anaitwa Praxeas aliyesema kwamba ni Baba mwenyewe ndiye aliyezaliwa na Mariamu na ndiye aliyeteswa, na aliyemjibu kwa kalamu kali alikuwa Mwafrika, Tertullian wa Carthage, mji uliokuwa kwenye nchi tunayoiita Tunisia leo. Huyu Tertullian ndiye tunayemjua kuwa wa kwanza kuandika kwa Kilatini lile neno trinitas, yaani Utatu. Na njia aliyotumia kumjibu Praxeas ni ileile ya yule mtoto wangu wa chini ya mwembe, aliuliza kwenye Maandiko nani anasema, anamwambia nani, na anamsema nani. Chukua Zaburi ya 110, "Neno la Bwana kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume." Kuna anayesema, kuna anayeambiwa, kuna anayesimulia. Huwezi kuwakunja wote kuwa mmoja anayejibadilisha nguo bila kuharibu sentensi.

Hapo ndo kitu kilinigonga, tena nilikuwa naosha vyombo. Sisi kwa Kiswahili tunasema Mungu mmoja, nafsi tatu. Hatusemi watu watatu. Neno ni nafsi. Na nafsi tumelisikia wapi tena? Shuleni, somo la Kiswahili, sarufi! Nafsi ya kwanza, mimi na sisi. Nafsi ya pili, wewe na nyinyi. Nafsi ya tatu, yeye na wao. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa anatuimbisha, nafsi ya kwanza ndiyo inayosema, ya pili ndiyo inayoambiwa, ya tatu ndiyo inayosemwa. Yaani neno ambalo tumelikariri kwenye katekisimu tukidhani ni gumu la mapadre, tulikuwa tunalo kwenye daftari la Kiswahili, na linafanya karibu kazi ileile ambayo Tertullian aliifanya miaka 1800 iliyopita kwa kuuliza nani anasema na nani.

Nikaenda kusoma Gethsemane upya nikitafuta nafsi. Mathayo 26:39, "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke, walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Mimi. Wewe. Iko wazi kabisa. Nikarudi nyuma mpaka ubatizo kwenye Marko, sauti inatoka mbinguni, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu", na Roho anashuka kama hua. Tena wewe. Nikaenda Yohana 14, Yesu anawaaga wanafunzi, anasema atamwomba Baba naye atawapa Msaidizi mwingine akae nao hata milele, na humo humo kwenye mstari mmoja yupo mimi anayeomba, yupo Baba anayeombwa, yupo yeye atakayekuja. Hamna mahali Yesu anatoa mhadhara wa tatu kuwa moja. Anaongea tu na Baba yake, na wanafunzi wanamsikia, na baadaye sana Kanisa linakaa chini kutafuta maneno ya kueleza kitu ambacho lilishakisikia kwa masikio.

Naomba nirudi nyuma kidogo maana kuna mtu mwingine alishawahi kunivunjia mfano kabla ya huyu mtoto. Nimekulia Tanga, na nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwepo mzee mmoja Muislamu, mtu wa swala tano, ndiye aliyenifundisha kuogelea, na Iddi haikupita bila sahani ya pilau kuja kwetu, na Krismasi haikupita bila yetu kwenda kwake. Siku moja nikiwa kidato cha pili tumekaa barazani kwake, yeye na kahawa yake, mi na kashata, akaniuliza kwa upole tu, "Mjukuu wangu, hivi nyinyi mnaabudu miungu mitatu?" Nikasema hapana babu, ni mmoja, ni kama mafiga, mawe matatu lakini jiko ni moja, si unajua figa moja haliinjiki chungu. Nilikuwa nimesikia mhubiri mmoja akiusema huo mfano nikaupenda sana. Babu akatafakari, akanywa kahawa, akasema, "Sawa, lakini mafiga ni mawe matatu. Nikiondoa moja naenda nalo nyumbani." Akanisomea Sura ya Ikhlas kwa Kiarabu alafu akanifasiria, Mwenyezi Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa.

Babu hakunishambulia, na alikuwa sahihi kuhusu mafiga kama yule mtoto alivyokuwa sahihi kuhusu maji. Mfano wa maji unaua zile nafsi tatu, mfano wa mafiga unaua umoja. Na yai, ganda na ute na kiini, ni mafiga yaleyale tu maana hamna hata kimoja ambacho ni yai zima. Nilichotamani ningejua kumwambia babu siku ile ni kwamba hata sisi hatusemi Mungu alioa akapata mtoto, hakuna Mkristo aliyewahi kukiri hivyo kwenye Nasadiki, ile sala yetu ya kukiri imani. Kumbukumbu la Torati 6:4 ni letu pia, "Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja", na Yesu mwenyewe aliulizwa amri iliyo kuu akaanza na huo mstari. Tunaposema Mwana tunasema kitu kingine, na kilipiganiwa sana mpaka kikapata maneno yake.

Kupiganiwa huko kulianzia Afrika, kwenye mji wa bandari, Alexandria. Padre mmoja, Arius, mtu wa sala na mwenye mdomo mtamu, alifundisha kwamba Mwana ni mkubwa kuliko viumbe vyote lakini naye ni kiumbe, kwamba kulikuwa na kipindi Mwana hakuwepo. Aliyaweka mafundisho yake kwenye mashairi watu wakayaimba. Na ukimsikiliza kwa haraka anaonekana anamlinda Mungu, anataka Mungu abaki mmoja asichanganywe na chochote, kwa hiyo mi siwezi kumwona kama mtu mbaya aliyeamka asubuhi kuharibu dini. Lakini fikiria kinachofuata. Kama Mwana ni kiumbe, basi sisi tumekuwa tukimwabudu kiumbe tangu mwanzo, na tumebatizwa kwa jina la Mungu na la kiumbe, na aliyekufa msalabani ni mjumbe tu aliyetumwa na Mungu ambaye mwenyewe kabaki mbali. Hilo ndo lililomchoma Athanasius, shemasi kijana wa Alexandria hiyo hiyo. Hoja yake kubwa ilikuwa wokovu, kwamba kiumbe hakiwezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu.

Mwaka 325 Konstantino, kaisari wa Roma, akaita maaskofu Nisea, mji ambao leo ni Iznik huko Uturuki, mapokeo yanasema walikuwa 318. Wakatoka na yale maneno tunayoyasali kila Dominika, mara nyingi tukiwa tunatafuta sadaka mfukoni, "Mungu aliyetoka kwa Mungu, Mwanga kwa Mwanga, Mungu kweli aliyetoka kwa Mungu kweli. Aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Hebu sikia hayo, aliyezaliwa bila kuumbwa. Na mwanga kwa mwanga, jua halikuwahi kuwaka hata dakika moja bila mng'ao alafu mng'ao ukaja baadaye. Athanasius aliupenda huo mfano, ameutoa Waebrania sura ya kwanza, na hata huo haufiki mwisho maana mng'ao haumwambii jua "wewe". Lakini angalau babu angeelewa kwamba "Mwana" kwetu haina maana ya uzazi wa mwili.

Watu wengi hudhani Nisea ilimaliza mambo. Wapi! Ndo kwanza yalianza. Athanasius akawa askofu mwaka 328, na katika miaka yake 45 ya uaskofu alifukuzwa mara tano, jumla kama miaka 17 yuko nje ya jimbo lake, kipindi kimoja anafichwa na watawa wa jangwani Misri huku askari wa kaisari wanamtafuta. Na kwenye kipindi hicho hicho kuna kisa ambacho nashangaa hatuhubiriwi. Athanasius alikuwa amemweka wakfu Frumentius kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia, ambako mfalme Ezana alikuwa ameupokea Ukristo. Kaisari Konstansio, ambaye alikuwa upande wa wapinzani wa Nisea, akamwandikia Ezana barua kwamba amrudishe Frumentius Alexandria akachunguzwe imani yake na askofu aliyewekwa na kaisari. Barua ipo mpaka leo kwa sababu Athanasius aliinakili kwenye utetezi wake. Frumentius alibaki Ethiopia, na Waethiopia wanamwita Abba Salama hadi leo. Na Aksum kuna jiwe limeandikwa kwa Kigiriki, Ezana anasimulia vita vyake, na anaanza kwa imani ya Mungu na nguvu ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Karne ya 4! Yaani mtu akikwambia Utatu ni mambo ya Wazungu mwambie kuna jiwe Aksum. Karne 16 baadaye, mwaka 1930, mfalme wa hapo hapo Ethiopia anavikwa taji kwa jina la Haile Selassie, maana yake Nguvu ya Utatu.

Kwenye habari ya Roho Mtakatifu ugomvi ulikuwa wa neno dogo sana na ndo maana naupenda. Askofu Basil wa Kaisaria alikuwa anasalisha watu "Utukufu kwa Baba pamoja na Mwana pamoja na Roho Mtakatifu", watu wakamjia juu, mbona umebadilisha, tumezoea kusema kwa njia ya Mwana katika Roho. Akaandika kitabu kizima kujibu, kwamba zote mbili ni sahihi, moja inasema jinsi Mungu anavyotufikia, nyingine inasema heshima tunayowapa. Alikufa kabla ya Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulioweka kwenye Nasadiki kwamba Roho anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Neno "pamoja" lile, alilipigania Basil. Mdogo wake, Gregory wa Nyssa, anasimulia kuhusu mji huo wa Konstantinopoli kwamba ukimwomba mtu akubadilishie hela anakupa falsafa ya Aliyezaliwa na Asiyezaliwa, ukiuliza bei ya mkate unajibiwa Baba ni mkuu kuliko Mwana, ukiuliza maji ya kuoga yako tayari unaambiwa Mwana ametokana na kisichokuwepo. Alikuwa analalamika, ila mi nikisoma naona vijiwe vya kahawa vya Tanga na Jumapili ya Simba na Yanga, watu wanabishana kwa moyo wote juu ya kitu wanachokipenda. (Habari ya "na Mwana", kwamba Roho anatoka kwa Baba tu au kwa Baba na Mwana, iliyochangia Kanisa la Mashariki na la Magharibi kutengana, naiacha, inataka makala yake.)

Sasa kuna neno fumbo. Mapadre wengi Dominika ya Utatu wanasimulia kile kisa cha Mtakatifu Augustino anatembea ufukweni, anamkuta mtoto anahamishia bahari kwenye kashimo, anamwambia haiwezekani, mtoto anamjibu na wewe huwezi kuuingiza Utatu kichwani. Ni hadithi iliyokuja karne nyingi baada yake. Sina shida nayo, shida yangu ni namna inavyotumika kufunga midomo, kwamba ni fumbo jamani tusiulize. Kwetu fumbo linafumbuliwa, si tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua? Kwa hiyo mtu akisikia fumbo la imani anadhani ni kitendawili ambacho jibu lake Mungu amelificha, na asiyelijua ni mjinga. Fumbo la imani ninavyolielewa mimi ni kitu ambacho Mungu amekionyesha mchana kweupe, ila hukimalizi, kama mke wako au mume wako ambaye mmekaa miaka 30 na bado anakushangaza.

Na Augustino wa kweli, askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba huko Algeria, hakukaa kimya hata kidogo, aliandika vitabu 15 juu ya Utatu na vilimchukua zaidi ya miaka 15. Humo kuna sehemu anajiuliza, tukisema watatu, watatu nini? Anasema lugha ya binadamu ni maskini mno, tunasema nafsi tatu si kwa sababu neno linatosha, ila ili tusinyamaze. Hiyo imenituliza sana, na imeniwekea breki pia kwenye ule ugunduzi wangu wa sarufi. Mimi na wewe tukikaa kwenye benchi ni nafsi mbili na pia ni watu wawili, kila mtu ana akili yake na njaa yake na anaweza kwenda zake. Kwa Mungu si hivyo. Baba hana umungu wake wa pembeni na Mwana wa kwake, umungu ni mmoja usiogawanyika, wote wakitenda ni tendo moja. Sarufi inanisaidia sehemu moja tu, kuona kwamba ndani ya huyo Mmoja kuna "wewe".

Na hapo ndo roho yangu inakaa. Yohana anaandika Mungu ni upendo, na hatuandiki hivyo kwenye fulana tu. Kabla hajaumba kitu chochote, hamna malaika, hamna mbingu, hamna sisi, alikuwa anampenda nani? Kama hakukuwa na wa kumwambia wewe, basi upendo kwake ulianza siku ya uumbaji na alituhitaji sisi ili awe upendo. Lakini Yesu usiku wa mwisho anamwambia Baba, "ulinipenda kabla ya kuwekwa msingi ulimwengu." Kabla. Kwa hiyo hatukuumbwa kumwondolea Mungu upweke. Mi nilikulia kwenye nyumba ambayo ilibidi ufanye kitu ili upendwe, na sitaki kuingia huko leo, lakini siku niliyoelewa kwamba Mungu hakuniumba kwa sababu alikuwa na pengo la kuzibwa nililia jikoni peke yangu.

Jumamosi ikafika. Watoto wakanisalimu Tumsifu Yesu Kristo, nikaitikia, nikamwita yule mtoto akae mbele. Nikawaambia wote kwamba ule mfano wa maji niliokosea kuwapa tuuache. Nikachora ubaoni mimi, wewe, yeye, wakacheka maana walikuwa wametoka kufundishwa hivyo hivyo shuleni. Tukasoma Gethsemane pamoja, nikamwuliza yeye, unasikia nani anaongea? Yesu. Anamwambia nani? Baba yake. Kwa hiyo anaongea peke yake? Akasema hapana. Nikawaambia kwamba mazungumzo hayo hayakuanzia bustanini, yapo tangu kabla dunia haijakuwepo, na kwamba Mtakatifu Paulo anasema Mungu alimtuma Roho wa Mwanawe mioyoni mwetu aliaye, Aba, yaani, Baba. Kwa hiyo nyinyi mkipiga ishara ya msalaba jioni kabla ya kulala hamuanzishi maongezi na mtu wa mbali, mnaingia katikati ya maongezi yanayoendelea, Roho anawashika mkono, mnasimama pale alipo Yesu, mnamwambia Baba yake Baba yetu.

Tukasimama tukapiga ishara ya msalaba polepole, paji la uso, kifua, bega na bega, hamna kukimbiza. Watoto wakaanza kukusanya daftari. Yule mtoto akabaki kidogo, anafunga kandambili yake, alafu bila kuniangalia akaniuliza, "Na sisi tukishalala, wao wanaendelea kuongea?"

Nikamwambia ndiyo.

"Wanatuongelea sisi?"

Nikamsomea Warumi 8, pale kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na pale kwamba Kristo yuko mkono wa kuume wa Mungu anatuombea. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua begi lake, akakimbilia wenzake.